Siku Mkwe Wangu Aliponibeba Kutoka Majini

Tulioenda tulikuwa watano. Mimi, dada yangu mkubwa anayekaa Makongeni, binti yangu wa tatu, mume wake, ambaye ndiye mkwe wangu na ndiye alikuwa dereva, na msichana wao aliyemaliza shule mwaka jana. Majina yao yote nayajua, mpaka ya ubatizo, lakini binti yangu amesema nisiyaandike, basi nimeyaacha.

Safari ilitokana na magoti yangu. Tangu mzee wangu atuache nilikaa Ngoliba peke yangu, nalima, nafuga mbuzi wachache, mpaka magoti yakakataa hata kunifikisha kwa mfereji. Binti yangu akanileta kwao Kimbo, akanipa chumba karibu na jikoni. Sasa hapo lazima nieleze, kwa sababu vijana wa siku hizi hawajui. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana kwa kuachiana nafasi. Haingii ninapolala. Akikaa upande huu wa sebule, mimi nakaa ule. Hakuwa amewahi kuniona bila kitambaa kichwani, na miaka yote hiyo tulisalimiana kwa mkono, basi. Heshima hiyo ikivunjika, hamkai tena nyumba moja. Ingebidi nirudi Ngoliba na yale magoti yangu.

Habari za maji hayo dada yangu alizisikia kwa mama mmoja wa kanisa lao. Alisema yanatoka chini ya mawe yakiwa na joto lake, mbali huko mbele ya Maralal, na kwamba yeye aliingia na fimbo akatoka bila fimbo. Mimi sikuamini sana, lakini mtu mwenye magoti kama yangu haamini wala hakatai.

Tulilala Maralal, asubuhi tukaendelea. Ni nchi ya juu, kavu, mawe na miiba, na upepo una baridi hata jua likiwaka. Barabara ilipokwisha tukafuata alama za magurudumu, na zenyewe zikaisha kwenye mchanga. Tukaacha gari hapo tukatembea, mimi nikishikiliwa huku na huku.

Tulimkuta mama mmoja mfugaji na mbuzi wake, shingo yote shanga. Akatuambia desturi ya pale: "Asubuhi ni ya akina mama. Jua ikifika juu ya ile mlima, ni ya wazee. Ngamia inakunywa mwisho." Akachomeka fimbo yake kando ya njia, akaitundikia kitambaa chekundu, wanaume wajue kuna wanawake ndani. Mkwe wangu alipoona kile kitambaa hakungoja kuambiwa. Alirudi kwa gari, akakaa akitazama upande wa pili.

Maji yalikuwa na joto kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Nilivua, nikabaki na leso, nikaketi kwenye jiwe lililo chini ya maji mpaka yakanifika kifuani. Sitadanganya, maumivu yalitoka. Dada yangu alitoka mapema. "Wewe, toka. Unataka kuiva?" Nikamwambia aniache, sijakaa bila maumivu tangu mwaka juzi.

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Nilipotaka kusimama, miguu haikuwepo. Ililegea kama mboga iliyosahauliwa jikoni, na kichwa kikaanza kuzunguka. Binti yangu alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mgongo, haruhusiwi kuinua kitu. Msichana na dada yangu walinivuta, mawe yakateleza, tukarudi majini wote watatu. Mimi si mwepesi.

Yule mama mfugaji akasema, "Hii maji inakula nguvu. Mtoe sasa."

"Nimwite mkwe?" dada yangu akaniuliza.

"Hapana."

"Basi wazee wa hapa. Wale kule wanangoja zamu."

Nikamwambia afadhali hao. Hao sijawahi kuwapikia chai, na sitawaona tena.

"Na wao wana mama zao," yule mama akasema. "Hawatakuja." Jua lilikuwa linakaribia mlima.

Dada yangu ndiye mkubwa, na mkubwa akiamua imeisha. Alinifunga blanketi humo humo majini, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akampa msichana. "Mfunge baba yako macho, umlete kinyumenyume."

Wakaja. Msichana akimwelekeza, "Daddy, kushoto. Kushoto yako. Hapo kuna jiwe." Aliingia majini mgongo mbele, miguu mitupu, akachuchumaa, wakanipakia kama mtoto anayebebwa mgongoni.

"Maitu," akaniita, yaani mama kwa lugha yetu, "shika shingo."

Nikashika. Alipoanza kupanda akaanza na maneno, sauti ile ile ya sebuleni.

"Na mahindi ya Ngoliba, mlivuna?"

"Gunia mbili."

"Si mbaya. Mvua ilikuwa kidogo."

"Ilikuwa kidogo sana."

Tuliongea mahindi, tukaongea panya wa ghalani, mpaka gari. Sikumbuki siku nyingine ambayo tumewahi kuongea hivyo.

Tulianza safari ya kurudi. Tulipofika karibu na Nanyuki msichana akatugeukia sisi nyanya zake, akacheka. "Cucu, mnajua hicho kitambaa ni cha kusuka kwa sindano? Ni mashimo tupu."

Dada yangu akakitoa kwenye mkoba, akakiinua dirishani. Kweli, niliona mlima wote kupitia mle. Ni kile anachovaa kanisani, na kwa haraka hakufikiria. Mkwe wangu aliendelea kuendesha, macho barabarani. Mimi nikasema, "Tukifika Thika, nipelekeni Ngoliba." Binti yangu akaanza kulia polepole.

Tulimshusha dada Makongeni, na kwake huwezi kupita mlangoni na viatu, hata uwe nani. Mkwe wangu alivua chake cha kulia, tukaona soksi imekauka damu. Kidole gumba kilikuwa kimepasuka na ukucha umesimama.

"Hii ni nini?" dada akamuuliza.

"Ni jiwe la kule kwa maji."

"Lile kubwa jeupe? Lile hata kipofu angeliona."

"Sikuliona," akasema. "Nilikuwa nimefumba."

Dada yangu akanitazama. Mimi nikatazama kile kidole. Nikamwambia binti yangu aweke maji ya chumvi kwa beseni, na baada ya chai tukaenda Kimbo, sote. Bado nakaa chumba kile cha karibu na jikoni, na yeye anakaa upande wake wa sebule. Siku hizi huwa ananiuliza habari za mahindi.

Pengine nimekosea mahali. Huenda ilikuwa gunia tatu, au msichana alicheka tukiwa tumeshapita Nanyuki. Aliyekuwepo akikumbuka vingine anirekebishe, nitafuta niandike upya. Isipokuwa mkwe wangu kwa ile sehemu ya majini. Yeye alikuwa amefumba, hana cha kunirekebisha.