Tanuri la Mama

Mvua imelowesha matofali ambayo mjukuu wangu amerundika uani, na harufu yake imenirudisha Awasi, nyuma ya nyumba yetu. Majina ya wote waliokuwapo siku ile ninayo, lakini wamelala makaburini, acha niwaache walale.

Baba alikuwa ameshafariki. Mama aliuza cherehani, ile iliyokuwa ikitulisha, akanunua matofali na saruji ya kujengea tanuri la mikate. Shemeji yake, fundi kutoka Bondo, akayapanga matofali chini kwa duara kupima ukubwa, akaniambia mimi mtoto nijikunje katikati.

"Mkate wenu huu! Huyu akienea, mikate ya soko zima itaenea."

"Shemeji, matofali yatatosha kweli?" Mama akauliza.

"Yatabaki, mama. Utajengea hata kuku nyumba."

Kwao Bondo mwamba uko karibu na juu, msingi ni kukwaruza tu. Kwetu ni udongo mweusi, ukikauka unapasuka, ukilowa unavimba. Akachimba akiutafuta mwamba. Shimo likanifika kiunoni, likanifika mabegani, na udongo bado ni ule ule. Matofali yakashuka humo pamoja na saruji yote. Msingi ulipofika usawa wa nyasi, yalikuwa yamekwisha.

Asubuhi yake Mama akamuuliza, "Si tuyatoe, tuanze upya?"

"Yameshashikana, shemeji. Ukiyavunja utapata kokoto."

Akakusanya vyombo vyake, akaondoka bila kunywa chai. Mama akaketi juu ya ule msingi, mikono mapajani. Hakulia. Mimi nilitazama miguu yake. Ilikuwa inakanyaga chini taratibu, kisigino, vidole, kisigino, kama vile cherehani bado iko mbele yake.