Wiki Tatu za Dengu

Harufu ya bizari nyembamba ikipasuka kwenye mafuta ya moto huniondoa kitini hata leo. Nilipokuwa na miaka tisa, harufu hiyo ilijaa chumba chetu kimoja katika mtaa wa Nateete kwa wiki tatu mfululizo. Iliingia kwenye sare yangu ya shule, kwenye pazia, mpaka kwenye nywele za mdogo wangu Furaha. Mama alikuwa ametuleta kutoka Bukavu, na sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, aliipika vizuri kuliko mtu yeyote niliyemfahamu, lakini sasa alikuwa akijifunza kupika dengu za Kihindi. Familia moja ya Wahindi huko Ntinda, upande mwingine wa jiji, ilitafuta mpishi, na bibi mwenye nyumba alisema hatamchukua mtu kabla ya kuonja dengu zake. Mpishi angelala hukohuko na kurudi kwake Jumapili tu.

Aliyemfundisha ni jirani yetu Mama Njeri, Mkenya aliyewahi kupika katika nyumba za Wahindi Nairobi. Alikaa kwenye kigoda mlangoni akitoa amri. Dengu zilowekwe, zichemshwe na manjano hadi zivurugike; kisha mafuta yachemke pembeni na bizari, vitunguu saumu na pilipili kavu, vyote vimwagwe juu vikiwa bado vinalia. "Usiyaharakishe hayo mafuta, Mama Furaha," alisema. "Bizari ikiwa nyeusi, mwaga, anza tena." Mama alimwaga, akaanza tena. Tulikula dengu nyepesi kama maji, dengu chungu, dengu zilizoganda kama uji wa jana. Mimi sikutulia. Niliingia na kutoka, nilifunua sufuria na kuifunika. Kila chakula kilichokuwa kitamu kuliko cha jana kilinitia hofu, maana niliona mama anaondoka kidogo kidogo.

Asubuhi ya kupeleka dengu Ntinda, mama alipokwenda kuoga, nilifunua sufuria juu ya sigiri, jiko letu la makaa, nikatia chumvi kiganja kizima. Nikakoroga haraka, nikaenda dirishani, nikarudi. Mama aliingia na taulo kichwani, akaonja, akatema. Hakumtazama Furaha. Alinitazama mimi.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Juu ya nini?"

"Utatuacha kwa Mama Njeri."

Nilisubiri kofi. Mama alimimina dengu zote kwenye ndoo ya taka, akatoa kikombe cha mwisho cha dengu kilichobaki kwenye mfuko, akanisimamisha mbele ya sigiri na kunipa kijiko. "Leo tunapika wawili," alisema. "Ikiungua, tumeungua wote." Bizari ilipoanza kuruka nilipiga kelele, "Sasa, mama!" naye akaimwaga juu ya dengu papo hapo. Alifunga sufuria kwa kitenge akatoka karibu anakimbia. Jioni alirudi kuchukua nguo zake.

Kwa miaka minne tulikuwa naye Jumapili tu, akinuka jiko la watu wengine, akitazama saa kabla hata hajavua viatu. Kazi hiyo ndiyo iliyotusomesha.

Leo ninaishi Ntinda, na mama yuko nami. Nina jiko la gesi, na duka la chini linauza dengu za kila rangi. Narudi kwa wanangu kila jioni, foleni ya magari ikipenda, lakini bado napika mlango ukiwa wazi, kana kwamba kuna mtu anataka kuondoka bila kuniaga. Juzi nilimwomba mama msamaha kwa ile chumvi. Alikuwa akichambua dengu kwenye ungo, hakuinua macho.

"Nilipoionja, nilifurahi," alisema. "Nikasema, basi, Mungu amekataa, nabaki na watoto wangu. Halafu nikaona vile Furaha amekonda."

Akatupa kijiwe pembeni, akaendelea kuchambua. Kutoka sebuleni niliwasikia wanangu, wameshiba, wakigombania rimoti ya televisheni.