Karatasi ya Kuzidisha Taa

Niliwahi kuamini, tena kwa moyo wote, kwamba mpwa wangu Mwende ametengeneza karatasi ambayo ukiimulika kwa tochi moja, unapata mwanga wa tochi mbili. Habari hiyo niliipata sokoni Ikutha, na sikuwa na haja ya kubisha. Darasa letu la jioni pale kanisani, lililonipa cheti nikiwa tayari na mvi, lilikuwa linakufa kwa giza. Taa yake ya sola ilikuwa imefifia kama jicho la kuku mgonjwa, na wanafunzi walibaki watatu. Nikaliahidi kanisa zima kwamba nitaileta hiyo karatasi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipata lifti kwa lori la mbuzi la rafiki yangu Muli. Tulivuka Mto Athi mbuzi wakiimba kuliko kwaya yetu. Muli akataka kujua kama karatasi hiyo inazidisha mbuzi pia. Nikamwambia tuanze na taa.

Emali nilikula chapati nane. Muli anasema ni tatu, lakini yeye alikuwa anaangalia magurudumu.

Tulifika salama chuoni kwa kina Mwende saa saba mchana. Mwende alinipokea katika maabara yao, chumba chenye baridi hata mbuzi angeomba sweta. Karatasi yenyewe sikuiona kwa macho. Unene wake ni atomi tatu tu, na waliibandua kutoka kwa kijiwe cheusi kwa selotepu! Mwende akaimulika kwa mwale mwekundu hafifu, na kwenye kompyuta ukainuka mstari wa mwanga wa zambarau. Akaongeza umeme kidogo, mstari ukapanda. Akapunguza, ukalala kama mbuzi aliyeshiba.

“Nifungie moja,” nikasema. “Darasa linaningoja.”

“Anko, haizidishi taa. Chembe mbili za mwanga zinaingia, inatoka moja yenye nguvu ya zote mbili. Ndiyo maana rangi inabadilika. Umeme unaamua tu zitoke nyingi ama chache. Na mwanga mwingi unapotea njiani.”

Nikaukunja mfuko niliokuja nao wa kuibebea.

Kesho yake tulirudi mikono mitupu. Tulipokuwa tunaingia Ikutha, Mwende akapiga simu akitaka kujua hali ya paneli yetu ya sola. Muli akasimamisha lori kando ya darasa, nikapanda juu yake kuchungulia paa, nikamweleza Mwende kwa fahari kwamba hakuna paneli inayotunzwa hivyo Kitui nzima: akina mama wa kanisa wameifumia kitambaa kizito chenye maua, kama vile vya makochi, isiingie vumbi.

Jibu lake liko ubaoni hadi leo, katika darasa lililojaa tena mpaka mlangoni:

“Anko, paneli inakula jua. Toeni hicho kitambaa.”