Sanamu Ndani ya Nguo ya Gome

Nilipata kazi katika jumba la sanaa kwa sababu ya mwandiko wangu. Baba alikuwa mwalimu wa madrasa kule Makindye, naye alinifunza kuandika bila haraka. Basi nikawa mwandishi wa vibandiko: ngoma hii imetoka wapi, chungu hiki kilifinyangwa kwa kazi gani.

Jumba lenyewe lilianza na vyumba viwili tu wakati wa wakoloni, vikajazwa vitu ambavyo machifu waliamriwa kuvileta. Wazee wengi hawakukanyaga. Walisema mle mmefungiwa mizimu ya watu. Baadaye ukajengwa ukumbi mkubwa, zikaingia kazi za wachoraji na wachongaji wetu wenyewe. Katikati ikasimama sanamu iliyochongwa kwa mti wa mvule: mtu mzima, mikono ubavuni, macho yamefumbwa. Niliipenda kuliko vyote, ingawa sikulelewa kupenda masanamu. Mungu anisamehe na hilo pia.

Wanajeshi walipotawala, mchongaji wa sanamu ile alikimbia, akavuka mpaka. Asubuhi moja ikapigwa simu: sanamu yake itolewe, gari linakuja. Tulijua inakwenda kuwa kuni. Sikuona hasira wala hofu. Miaka ile moyo wangu ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi. Unaukanyagia, lakini huusikii.

Nikamwambia mama aliyetunza ghala, "Tuifunge. Kitu hakitoki humu bila kufungwa."

"Hata kikienda kuchomwa, Sheikh?" Sikuwa sheikh, alikuwa akinitania hivyo tangu siku ya kwanza.

"Hata kikienda kuchomwa. Ndiyo kanuni."

"Haya. Wachome kitu kilichovaa vizuri."

Shuka za ghalani zilikuwa zimekwisha na madukani hakukuwa na kitu. Akaenda kwake Kamwokya, akarudi na nguo ya gome la mti, mpya kabisa. Tukailaza sanamu mkekani. Akaizungushia nguo, akafunga kwa vipande vya gome: kichwani, kiunoni, miguuni. Ndipo nikatambua kwamba Waganda huwafunga hivyo maiti wao.

"Mbona hivi, mama?"

"Namna nyingine sikufundishwa."

Mwanawe wa pekee alikamatwa na askari akiwa kazini mwaka uliotangulia, na mwili haukuonekana. Nikaelewa nguo ile alikuwa amemwekea nani.

Gari likafika. "Nyinyi watu ya masanamu!" Sajini aliingia akicheka, askari wawili nyuma yake. Alipouona mkeka, kicheko kikakatika. "Huyu nani?"

Mama alikuwa ameketi chini, kando ya kichwa. "Mwanangu," akasema, akaanza kulia. Hakuwa anaigiza.

Sajini akavua kofia. Hakuuliza maiti inafanya nini ukumbini. Miaka ile maiti zilionekana popote. "Pole, mama. Pole sana." Kisha akanivuta kando, akanong'ona, "Na ile kitu ya yule mtu? Ile kubwa?"

Nimewafundisha wanangu miaka mingi kwamba muumini hasemi uongo. Maneno "ndiyo hiyo" yalikuwa tayari mdomoni. Ningeyasema, wangeibeba, na mimi ningekuwa salama. Nisipoyasema, wakifungua nguo, sote wawili tungepandishwa gari lile lile. Nilitazama pale sanamu iliposimama miaka yote. Sakafuni palibaki alama ya duara. Sajini naye akatazama.

"Wengine wametangulia?"

Sikujibu.

"Eh, hawa wengine! Kila siku wao tu wanataka kusifiwa na mkubwa!" Akaomba daftari letu, akaandika mwenyewe kwamba sanamu imeshachukuliwa, akatia sahihi. Wakatoka wakinyata, kofia mkononi.

Nimeishi hadi uzee, namshukuru Mungu, na bado namwuliza kama kimya kile kilikuwa uongo. Sijaharakisha jibu.

Mama akajifuta uso kwa mkono wa gomesi, vazi lake refu. "Shika miguu, Sheikh. Huyu ni mzito."

Tukaibeba kwenda ghalani, polepole, tukipumzika kila hatua chache. Karibu na mlango nikagundua kwamba midomo yangu inasoma dua ya maiti, na kwamba nimekwisha kumtaja mwanawe kwa jina. Hakuwa wa dini yangu. Machozi hayakuja, wala kifua hakikutikisika. Maneno tu yalikuwa yakitoka. Mama aliyasikia. Akaishusha sanamu chini upande wake, akainamisha kichwa, akangoja mpaka nikamaliza.