Supu ya Majani ya Lisbon

Jamani, mtu mzima huambiwaje kwamba amekula nguruwe kwa ushauri wangu?

Khalti, mdogo wake mama, yuko Lisbon na wenzake wanne. Kabla hawajaondoka Maskati niliwaandalia ratiba kutoka daftari langu la safari ya mwaka jana: asubuhi ngome ya mlimani, kisha tramu ya njano, mchana supu ya majani. Pembeni nilikuwa nimeandika, "Mboga tupu, salama."

Leo alasiri kaniletea picha ya bakuli.

Nikaikuza. Juu ya majani kuna kipande chekundu cha mviringo.

Mwaka jana nilikila kile, nikidhani nyanya ya kukaushwa. Leo ndiyo nimetafuta mapishi yake. Ni soseji ya nguruwe.

Nikapiga, hapokei. Nikaandika, "Khalti, msile."

Akajibu kwa ujumbe wa sauti, wenzake wanacheka nyuma yake: "Tushamaliza, mwanangu. Bi Zuwena kaomba na ya pili. Sote hapa tunakuombea dua. Kesho tunarudi papa hapa."

Ya leo wamekula bila kujua, na Mungu ni mwenye kusamehe. Lakini nikinyamaza, ya kesho nitakuwa nimewalisha mimi.

Nisaidieni neno la kwanza tu. Mengine nitayasema mwenyewe.