Mlango wa Nyuma wa Ofisi ya Parokia

Siku yangu ya kwanza ya ukatekista, Baba Paroko, yaani padre mkuu wa parokia yetu hapa Songea, hakunipa Biblia wala kitabu cha sala. Alinipa ufunguo. Ofisi ilikuwa na milango miwili: wa mbele ulitazama baraza wanapokaa ndugu, wa nyuma ulitokea kwenye migomba na njia ya kwenda mtaa wa Majengo. "Binti akiingia kuhojiwa, huu wa nyuma uwe wazi," aliniambia. "Na wewe usikae karibu nao."

Ninyi vijana wa leo mnahojiwa huku simu zinaita, kwa hiyo nieleze. Kabla ndoa haijatangazwa kanisani, kila mchumba huulizwa peke yake: umekuja kwa hiari yako, au kuna aliyekulazimisha? Swali ni jepesi, ila huulizwa mahari imeshapokelewa na mjomba yuko barazani anakohoa. Baba Paroko alisema mtu asiyeweza kusema hapana, ndiyo yake si ndiyo.

Baadaye nilipelekwa kigango kimoja upande wa Namtumbo. Kigango ni tawi la parokia. Padre hufika mara moja moja, na katekista ndiye mwalimu, msomaji na mzikaji. Wakulima wa tumbaku wa kule hawakunionea haya. "Katekista, kama Mungu anajua yote tangu mwanzo, mimi nachagua nini?" Niliporudi nikamwuliza Baba Paroko, naye akanionyesha milima ya Matogoro.

"Wingu likikaa pale, unajua mvua inakuja?"

"Najua, Baba."

"Ni wewe uliyeileta?"

"Hapana, Baba."

"Basi. Kujua si kusukuma."

Jibu hilo nimelitumia maisha yangu yote ya kazi.

Niliporudishwa parokiani nikachumbia. Skolastika alikuwa fundi cherehani pale Majengo. Mjomba wake alikubali haraka, maana katekista huheshimiwa hata kama suruali yake ni ile ile. Siku ya mahojiano yetu Baba Paroko alinivuta kando. "Katekista, na kwa mchumba wako mlango niufungue?"

"Ufungue, Baba."

Nilikaa barazani na ndugu. Baada ya kitambo Baba Paroko alitoka peke yake. Skolastika alikuwa ameshapita migombani. Mjomba akanigeukia mimi: "Mlango huo mngeufunga, saa hizi tungekuwa tunapanga arusi." Alisema kweli, na ndiyo maana iliniuma.

Walionipa pole walisema ni mpango wa Mungu. Iliniudhi, na inaniudhi hadi leo. Kama ulikuwa mpango, basi yule binti hakuchagua. Alisukumwa tu na mkono mwingine usio wa mjomba. Afadhali anikatae mwenyewe. Lakini na mimi niliona hiari yangu inakoishia. Ndugu waliniletea wachumba wengine, wazuri, wenye kumcha Mungu. Kukubali ningeweza, lakini kuuamuru moyo utake nilishindwa. Nilimwambia Baba Paroko kwamba nusu yangu iko huru na nusu imefungwa. Akasema hiyo iliyofungwa ndiyo tunayoiombea neema. Niliomba sana. Sikuoa. Mlango niliendelea kuwafungulia mabinti wa watu. Wachache walitoka, wengi walibaki.

Nikiwa karibu kustaafu alikuja binti kutoka kijiji cha Nalasi, mchumba wa kijana wa parokia yetu. Nilipofungua mlango akatabasamu. "Mama aliniambia nisiogope, mlango utakuwa wazi." Nikamwuliza swali, akajibu kwamba amekuja kwa kupenda kwake, na nilimwamini. Nilipotoka barazani nilimkuta mama yake, mvi zimemjaa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Katekista."

"Milele, amina, Skolastika."

Alijitanda khanga yake upya. Kisha akasema, "Baba Paroko aliniambia ni wewe uliyetaka mlango ufunguliwe."

"Ni mimi."

"Ulijua nitatoka?"

"Nilijua. Ulikuwa hujawahi kunitazama usoni."

Alinitazama. Kisha akanishika mkono, akaondoka na binti yake.

Sasa nimestaafu. Nina chumba Majengo, nachemsha chai ya mtu mmoja, na siku nyingine sauti yangu naisikia kwenye sala tu. Upweke huu ni mzito, sitaki kuwadanganya. Vijana wakija kuniuliza kama kweli binadamu ana hiari, nawaonyesha Matogoro. Jambo moja huwa siwaambii. Siku ile ya Skolastika nilijua, sikusukuma, na kujua hakukunipunguzia maumivu hata kidogo. Mungu naye anajua nani kati yetu atatoka, na bado anafungua mlango. Natamani kumwuliza Baba Paroko kama na Yeye hubaki barazani akiumia namna hii. Lakini yule mzee tulishamzika.