Mume wa Darasani

Dereva wa chuo cha udaktari aliitwa Mzee Taratibu, kwa kuwa alivuka kila tuta kama aliyepakia mayai. Hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Ndiyo maana wafanyakazi wenzake walicheka hadi kushika mbavu siku mhadhiri mmoja, daktari wa kike, alipomwomba awe mume mkali darasani.

Somo lilikuwa la kuwafundisha wanafunzi kumtambua mgonjwa anayepigwa na mwenzi wake, na kumsaidia. Muuguzi aliigiza mke mwenye mkono uliovimba. Dereva alikaa ubavuni pake na kujibu kila swali kabla mke hajafungua kinywa. Mwanafunzi alipaswa kumtoa mume chumbani kwa adabu, kisha amuulize mke waziwazi.

Wengi walikwama mwanzoni kabisa. Walikuwa watoto waliolelewa vyema. Wakiona mvi, adabu iliwatangulia.

"Shikamoo, baba," alisema binti mmoja mwenye miwani.

"Marahaba."

"Mama anasumbuliwa na nini?"

"Ameanguka. Huyu hatazami anapokanyaga."

"Pole sana, baba."

Darasa likaangua kicheko.

"Pole umempa nani?" mhadhiri aliuliza. "Kwani mkono uliovimba ni wa baba?" Binti akainamisha kichwa, na mhadhiri akalainisha sauti. "Heshima si kosa. Ila usimpe mume heshima yote, mke akakosa hata nafasi ya kusema. Na akikwambia ukweli, usimwamuru. Muulize kama anaogopa kurudi nyumbani, na yeye mwenyewe anataka nini."

Mzee Taratibu aliyasikia maneno hayo muhula baada ya muhula, hata akayazoea kama njia ya kwenda kwake.

Jumapili moja binti yake, kifungua mimba, alikuja na mumewe kuwasalimu wazazi. Mkwe huyo alikuwa mcheshi, mwepesi wa kupokea mizigo, na majirani walimsifu. Chini ya taya ya binti palikuwa na alama iliyovilia damu. Baba alipouliza, mkwe akadakia huku akicheka: "Mwanao huyu, baba, hana adui kama mlango wa kabati!" Mama alipomuuliza binti habari za kazi, mkwe akajibu. Alipomuuliza kama aongezewe chai, mkwe akajibu tena.

Sauti ile mzee aliifahamu. Ndiyo aliyoitumia darasani. Alitamani kumkaba mtu yule shingo. Lakini alijua kwamba hasira zake zingekuja kulipwa na mwanawe, mlango wa kwao ukishafungwa.

"Mkwe wangu," alisema, "kichwa kinanigonga. Hebu ninunulie vidonge duka la dawa, lile la barabara kuu. Miguu yangu leo imegoma."

Mkwe alimtazama mkewe, kisha akamtazama mzee. Lakini ni mkwe gani anayekataa kutumwa na baba mkwe? Akaondoka.

"Mwanangu," mzee alisema, "wengi wenye alama kama hiyo wameumizwa na mtu wa nyumbani. Wewe je?"

Binti alizungusha kikombe mkononi. "Nilidhani mtaniambia nivumilie."

"Uvumilivu gani huo wa kuvumilia ngumi?" mama alimaka.

"Msimwambie kitu, tafadhali."

"Hatusemi ila utakalo wewe," baba alijibu. Maneno "hutoki hapa" yalikuwa yamemfika kwenye ncha ya ulimi, akayameza. "Unaogopa kurudi leo?"

Binti alitikisa kichwa kukubali.

"Unataka tufanyeje?"

Aliweka kikombe mezani. "Nibaki. Lakini niseme mwenyewe, nanyi mkiwepo."

Mkwe alirudi na vidonge. "Haya, mke wangu, tumwache baba apumzike."

"Mimi siendi," binti alisema. Sauti ilitetemeka, lakini ilisikika.

"Anatania huyu, baba, si unamjua…"

"Mkwe, mwenyewe anazungumza. Tumsikilize."

"Siendi," alirudia. "Umenipiga, na ninaogopa."

Mkwe aliviweka vidonge mezani, akatoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi, Mzee Taratibu alimpeleka binti yake hospitalini, kwa hiari ya binti mwenyewe. Aliyewapokea, chini ya uangalizi wa mhadhiri, alikuwa yule mwanafunzi mwenye miwani.

"Shikamoo, baba. Naomba utusubiri hapa nje. Nataka kuzungumza na mwenyewe."

"Marahaba, mwanangu," aliitikia mzee, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akafanya jambo haraka: kabla mlango haujafungwa, alikuwa ameshaketi kwenye benchi.